Mshipi wa mwambani si mshipi wa nje: vile unavyoweza kujichagulia vifaa vyako, Malindi hadi Lamu

Kila kaskazi ikianza lazima kuna kijana atakuja aniulize bunduki gani ya mkuki anunue, ile ya kupigia samaki chini ya maji, ameona video jamaa anazama anatoka na kolekole mzima mzima na yeye sasa hapati usingizi. Jibu langu nitalitoa hapa mwanzo tusipotezeane wakati. Kenya hiyo bunduki imepigwa marufuku kwa uvuvi tangu 2001, ilitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali pamoja na juya na zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki, na haijalishi umeletewa kutoka Dubai au umechongewa na fundi kwa ubao na mpira wa tyubu. Mie mwenyewe nilipokuwa mdogo nilikuwa nayo ya ubao, sitajifanya malaika, lakini nilivyokuwa naipiga kwenye matumbawe, mshale unakwama nauvunja nao, na samaki mwenyewe ni yule aliyelala pangoni hana pa kukimbilia, sasa nikikumbuka naona haya kidogo.

Binamu yangu yuko Durban, kule inaruhusiwa ukiwa na kibali na huwezi kuitumia ukiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Yeye anazo mbili. Fupi ya sentimita 90 ya kuchungulia nayo mapangoni, na ndefu ya 130 ya maji ya wazi ambako samaki hakuruhusu umkaribie. Nikamuuliza kwani moja haitoshi, akacheka, akanambia ile ndefu mwambani haigeuki na ile fupi nje haifiki. Nikajiambia hee, kumbe hata sie wa mshipi shida yetu ndo hiyo hiyo! Mtu ananunua mshipi mmoja mnene kama kamba ya kufungia mbuzi, ndoana moja kubwa, anataka avue nao changu asubuhi na jodari jioni, mwisho anarudi na chambo chake alichoenda nacho.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mshipi, kwa mtu anayeanza ama aliyeanza na hapati. Nimeuandika nikifikiria mtu wa Malindi, lakini wa Lamu nao watajiona humu, manake nusu ya haya nimefunzwa na ami yangu wa Pate.

Hatua ya 1: Jua unaenda wapi kabla hujaenda dukani

Muuza duka hajui unavulia wapi, yeye atakuuzia alicho nacho. Wewe ndo uwe na majibu matatu kichwani: maji yana kina gani, chini kuna nini, na unamtaka samaki yupi.

Kina tunahesabu kwa pima, pima moja ni kama mita 1.8, mikono yako ikinyooshwa. Mwamba wa karibu ni pima tatu hadi pima kumi hivi. Ukivuka mwamba ukaanza kushuka ule ukingo, unaingia pima ishirini, thelathini, na ukienda hadi ile miinuko ya chini ya bahari wanayoiita North Kenya Banks, kati ya Malindi na Lamu kule nje, hapo ni shughuli nyingine kabisa na si mahali pa kwenda na hori.

Chini kuna nini ndo swali ambalo watu hawajiulizi na ndo kubwa kuliko yote. Mchanga haukati mshipi. Matumbawe yanakata kama wembe. Majani hayakati lakini yanaficha chambo. Mie huwa naangusha chubwi, ule uzito wa kuzamishia mshipi, lililopakwa sabuni kipande kwa chini, nikilitoa naangalia limeshika nini, mchanga ama majani ama halina kitu na limekwaruzwa, likiwa limekwaruzwa basi hapo ni jiwe. Ni mbinu ya zamani sana hiyo na bado inafanya kazi hata kama una mashini ya kupima kina.

Samaki nao. Mwambani mshipi utakupa changu, tewa, kolekole. Pono na tafi usisumbuke nao na ndoana, wale ni wala majani, ndo sababu wazee wakawasukia malema. Nje ni nguru, jodari, fulusi, tengesi, na sulisuli ambaye ndo aliyewaleta wazungu wa boti za michezo hapa Malindi na Watamu.

Alafu mipaka. Hifadhi ya bahari ya Malindi, ile ya upande wa Casuarina, ni ya tangu 1968 na ndani yake hakuna kuvua kitu, hata mshipi wa mtoto, KWS, shirika la wanyamapori la serikali, hawana mchezo na hilo. Nje ya hiyo kuna rizavu ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa, mshipi ukiwemo. Lamu kule juu kuna rizavu ya Kiunga, ya 1979. Kabla hujatia chombo majini nenda kwa BMU, ile kamati ya wavuvi, ya bandari yako, wakusajili, na uwaulize mipaka iko wapi, usimuulize jamaa wa baa.

Hatua ya 2: Unene wa mshipi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo pesa na samaki vinapotea.

Kwenye paketi kuna namba mbili, kilo (ama ratili) na milimita. Soma milimita. Kilo ni maneno ya aliyetengeneza, viwanda viwili vitakuandikia kilo tofauti kwa mshipi wa unene ule ule, lakini milimita unaweza kuipima. Na hizo kilo zenyewe ni za mshipi mpya usio na fundo. Ukishafunga fundo nguvu inapungua, nailoni ikishaloa inapungua tena kidogo, ikishapigwa jua miezi miwili hiyo namba iliyoandikwa ni hadithi tu.

Mwamba wa karibu, kwa changu na samaki wa kilo moja moja, chukua 0.50 hadi 0.70. Mie 0.60 ndo yangu, sijaiacha miaka. Watu wanaona nyembamba, wananambia utakatika. Ndio, nakatika, siku moja moja. Lakini mwenzangu mwenye milimita moja nzima anakaa pale chomboni tuko pamoja, chambo kile kile, na mie nimetoa kumi na mbili yeye ametoa mbili na moja kati ya hizo ni bunju. Ami yangu alikuwa anasema samaki ana mato kuliko wewe. Maji ya Malindi yakiwa safi unaona jiwe chini kwa pima sita, sasa wewe unayaona yote hayo ukiwa juu unadhani changu aliye chini haoni kamba imesimama mbele ya mdomo wake?

Kuna siku hilo halina maana. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki unaleta tope na bahari ya hapa inageuka rangi ya chai ya maziwa, basi siku hizo unene haumshtui samaki sana kwa sababu haoni, anafuata harufu. Siku za maji machafu natumia 0.80 bila wasiwasi na chambo naweka chenye kunuka.

Tewa ni kesi nyingine. Tewa hapigani nawe kwenye maji ya wazi, anachofanya ni kimoja, akishameza anageuka kwenda shimoni kwake, na akifika anafumbua mashavu anajikaza humo, umemkosa. Una kama pumzi mbili za kumzuia. Kwa yeye 0.90 hadi 1.0, na usimpe hata shibiri.

Nje, kwa kurambaza, yaani kuvuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, mshipi mkuu wa 1.0 hadi 1.2 unatosha kwa mkono. Huko mwendo wa chombo ndo unamdanganya samaki, hana nafasi ya kukagua.

Kina kirefu, pima thelathini kwenda chini, hapo nailoni inaanza kukuaibisha kwa sababu inavutika. Samaki anagusa kule, wewe unavuta mkono mzima na ndoana chini haijatikisika bado, mshipi unarefuka tu kama mpira. Ndo maana wanaoenda huko wanatumia mshipi wa kusuka, ule usiovutika, ambao tena ni mwembamba sana kwa nguvu ile ile kwa hiyo mkondo hauusukumi ovyo. Ila ushike vizuri hili neno: mshipi wa kusuka kwenye mkono mtupu ni kisu. Ni wa rodi na rili, fimbo ya kuvulia na kigurudumu chake. Kama huna rodi, achana nao, vua kina chako.

Na kuna fluorokaboni, ni ghali, haionekani sana majini na inavumilia kusuguliwa. Usijaze kibao kizima cha kuzungushia mshipi, ni kupoteza pesa. Nunua kidogo ufunge pima moja ya mwisho karibu na ndoana, basi.

Ukiwa dukani angalia rangi, mshipi uliozeeka unakuwa na weupe wa vumbi vumbi hivi kama umepakwa unga. Mie nishawahi kununua paketi nzuri tu, imening'inizwa dirishani miezi sijui mingapi jua linaipiga, sikuangalia, bei ilikuwa imeshushwa nikajiona mjanja. Wiki ile ile nguru wa kwanza wa msimu akaondoka nayo na hata hakuvuta sana, ilikatika kama uzi wa kushonea. Sasa hivi navuta shibiri mbili za mwanzo, nafunga fundo la kawaida, nazungusha mikononi na kitambaa na kunyaka kwa ghafla. Muuzaji akinuna namwachia paketi yake.

Hatua ya 3: Ndoana

Namba za ndoana zimewachanganya wengi na ni rahisi. Zile zenye namba tupu, namba ikipanda ndoana inapungua, yaani namba 10 ni ndogo kuliko namba 4 na namba 4 ni ndogo kuliko namba 1. Ukifika 1 unageuka, zinaanza zile za mkwaju na sifuri, 1/0, 2/0, 5/0, na hizo namba ikipanda ndoana inakua. Kampuni na kampuni hazilingani, 5/0 ya huyu inaweza kuwa 4/0 ya yule, kwa hiyo beba ndoana yako unayoipenda mfukoni ulinganishe kwa macho.

Changu, namba 2 hadi 1/0. Mdomo wake si mkubwa kama unavyodhani na ananyonya nyonya kwanza. Tewa mdomo ni kama mlango wa ghala, mpe 5/0 hadi 7/0. Nguru 6/0 hadi 8/0, jodari mkubwa 7/0 kupanda.

Sasa kuna sababu nyingine ya kutopenda ndoana ndogo kwenye kina kirefu, na hii watu wanaisahau. Samaki akitolewa chini sana kile kibofu chake cha hewa kinavimba, unamuona tumbo limejaa, saa ingine linatokea mdomoni. Huyo hata ukimrudisha kwa sababu ni mdogo anaelea tu, ndege wanamla. Kwa hiyo kule kwenye kina kuchagua unachagua kabla, kwa ndoana kubwa, wadogo washindwe kumeza.

Umbo nalo. Ndoana ya kawaida ya mkono mrefu unaijua. Ile ya duara, ncha yake imejikunja kuangalia ndani, wengi wanaiona imeharibika kiwandani, mie mwenyewe niliiona nikasema hii itamshika nani! Inamshika, tena pembeni ya mdomo, haiendi tumboni. Kosa ni moja tu, ukihisi amegusa mkono wako unataka kunyaka kwa mazoea, na ukinyaka inatoka. Ya duara unaivuta taratibu, unaacha samaki aondoke nayo, anajifunga mwenyewe. Kwa tewa na kwa mtu ambaye mshipi wake anaufunga ukae wenyewe ni nzuri sana, na hata kasa akijishika, anashikwa mdomoni na unaweza kumkata mshipi karibu na ndoana aende zake. Kasa usimpandishe chomboni ukafikiria kitoweo, ile ni kesi ya jela.

Chuma chenyewe: zile zisizoshika kutu kabisa zinavutia dukani, ila ukikatika samaki anabaki nayo mdomoni muda mrefu. Za kawaida zinaoza. Mie nachukua za kawaida na nazibadilisha mara kwa mara, bei yake si kitu.

Na zinoe! Ndoana mpya haimaanishi ni kali. Iweke ncha juu ya ukucha wa gumba uivute kidogo bila kukandamiza, ikiteleza haijanoleka, ikikwama iko tayari. Tupa ndogo laini ya kunolea inatosha, mivuto mitatu minne kuelekea kwenye ncha.

Hatua ya 4: Chubwi, na vile unavyolifunga

Chubwi zito kiasi gani? Jepesi kadiri ya kufika chini na kukaa. Ukiliona linabebwa, ongeza. Siku za maji mafu, yasiyopanda na kushuka sana, kwenye pima tano gramu 50 zinanitosha, na siku ya bamvua mahali pale pale nitaweka 150 na bado mkondo unalikokota, manake bamvua la pwani hii maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 na yote hayo lazima yapite mahali. Lamu ndo usiseme, pale kwenye milango kati ya visiwa maji yanakwenda kama mto. Ndo maana mie kama mtu anaanza namwambia aanze maji mafu, bamvua utajifunza kutukana tu.

Mwambani kufunga ndo kila kitu. Wengi wanafunga chubwi juu na ndoana inaburuta chini, basi ndoana inaingia kwenye jiwe na mchezo umekwisha. Geuza. Chubwi liwe chini kabisa, ndoana moja ama mbili zitoke pembeni kama matawi, ya kwanza shibiri mbili juu ya chubwi, na matawi yawe mafupi yasijizungushe kwenye mshipi mkuu. Alafu, na hapa ndo siri yenyewe kama kuna siri, lile chubwi usilifunge na mshipi ule ule. Lifunge na kipande chembamba, kama mshipi wako ni 0.60 kipande hicho kiwe 0.40. Chubwi likikwama mwambani, na litakwama, unavuta kinakatika kile kipande, umepoteza kichuma na ndoana zako zote zimerudi, na saa ingine na samaki juu yake.

Kwa sababu utayapoteza, usinunue machubwi ya urembo. Mie natumia plagi kuukuu za pikipiki, nati kubwa, vipande vya nondo, mafundi wananipa bure. Risasi ni nzuri kwa uzito lakini kama unaiyeyusha mwenyewe fanya nje, kwenye upepo, kwa sufuria ambayo haitarudi jikoni tena maisha, ule moshi ni sumu na watoto ndo unawadhuru kwanza.

Fundo: pitisha mshipi kwenye tundu la ndoana, uzungushe ncha kwenye mshipi mkuu mara tano (ukiwa mnene zaidi ya 0.80, mara tatu au nne zinatosha), rudisha ncha kwenye kile kitanzi kilicho karibu na tundu, TIA MATE, alafu kaza polepole. Bila mate nailoni inajichoma yenyewe ikikazwa na hapo ndo patakapokatika. Kwa mshipi wa kusuka fundo hili linateleza, pitisha mara mbili kwenye tundu kwanza.

Ukitoa mshipi ukakuta umekatwa safi kama kwa mkasi na hakuna aliyevuta, huyo ni bunju, ana meno kama mdomo wa kasuku. Hama. Hakuna mshipi wa mwambani utakaomshinda na ukimpata huna faida naye, ana sumu, usimle na usimpe paka.

Hatua ya 5: Wa nje

Kwa kurambaza unahitaji vitu vichache tu na kila kimoja kina sababu yake.

Mshipi mkuu, pima hamsini angalau. Kile kichuma kinachozunguka ili mshipi usijisokote, dukani sema swiveli watakuelewa, chukua kizuri manake cha bei ya chini kinaacha kuzunguka wiki ya pili na unarudi na mshipi umejikunja kama nywele. Alafu kiungo cha mbele, na hiki ndo kinategemea samaki.

Nguru na tengesi wana meno, wanakata nailoni ya aina yoyote, kwa hiyo waya, shibiri mbili tu hivi, usiweke mrefu. Jodari kinyume chake, hana meno ya kukata na ana macho makali sana, ukimwekea waya atakuja aangalie aondoke, yeye ni nailoni ya 1.0 na zaidi ama fluorokaboni. Sulisuli pua yake ni kama msasa, inasugua mshipi hadi unakwisha, kwa hiyo kiungo kinene, 1.2 hadi 1.5. Unaona sasa kwa nini siwezi kukuambia mshipi mmoja? Mie natoka na viungo vitatu vimeshafungwa tayari, kila kimoja kwenye kopo lake, nikiona ndege wanadunga na jodari wanaruka nabadilisha, dakika moja.

Chambo cha bandia, wenyewe wanakiita rapala hata kama si cha kampuni ya Rapala, kinavua vizuri sana nguru lakini kinauma mfuko, nguru mmoja akikikata umekula hasara ya siku. Anza na ya kujitengenezea. Manyoya meupe ya kuku, nyuzi za gunia la plastiki zilizochambuliwa, kipande cha karatasi inayong'aa, unafunga juu ya ndoana iliyo na risasi ndogo kichwani. Inafanya kazi. Mwendo uwe maili nne hadi sita za bahari kwa saa, mashua yenye tanga nzuri kwenye kaskazi inafika hapo bila hata mafuta. Yule samaki aitwaye una, mbichi na mzima, ni bora kuliko vyote ila naye apelekwe polepole zaidi, ukikimbia anapasuka.

Kusi, miezi ile ya katikati ya mwaka, usiende kurambaza na chombo kidogo kwa sababu tu umenunua mshipi mpya na una hamu. Subiri. Jaketi za kuokolea zivaliwe, zisikaliwe, na mtu wa nchi kavu ajue umeelekea wapi na unarudi saa ngapi.

Hatua ya 6: Mikono yako

Hili nililiacha mwisho, lingekuwa la kwanza. Usijizungushie mshipi mkononi. Hata mara moja, hata kwa samaki mdogo, manake hujui nyuma ya huyo mdogo kuna nani. Nimeona kidole kimekatwa hadi mfupa na kolekole ambaye hata hakupatikana. Kata vipete vya mpira kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, vaa kidole cha shahada na cha kati, mikono yote miwili, mshipi upite juu ya hivyo. Mshipi ulioutoa uanguke kwenye beseni ama kikapu, usiuache sakafuni unapotembea, siku akigeuka na kukimbia ule mzunguko uliosimama ndani yake unakwenda na mguu wako.

Kibao cha kuzungushia kiwe kipana. Kwenye kijiti chembamba nailoni inashika umbo la kile kijiti na ukiishusha inajikunja kunja yote. Mie natumia kipande cha boya la plastiki nililookota ufuoni, upana wa shibiri moja, na pembeni nimeandika kwa kalamu ya wino unene na siku niliyofunga, kwa sababu baada ya miezi 0.60 na 0.70 zinafanana.

Kwa hiyo ukienda dukani

Mtu anayeanza na pesa kidogo mie ningemwambia anunue seti ya mwambani peke yake kwanza: nailoni ya 0.60 mita mia, kipande cha 0.40 cha machubwi, ndoana kumi za namba 1 na tano za 5/0, na tupa. Chambo ni ngisi, anakaa kwenye ndoana haanguki, kata vipande virefu vyembamba kama utepe. Avue nayo kaskazi nzima. Seti ya nje ainunue baadaye, akishapata mtu wa kumbeba, manake mshipi wa kurambaza bila chombo ni kamba ya kuanikia nguo tu.

Ukirudi osha vyote kwa maji yasiyo ya bahari, ya kisima hata yakiwa na chumvi kidogo yanafaa, ila ya bomba yakipatikana ni bora, hasa swiveli na waya. Anika kivulini. Vuta pima mbili za mwisho za mshipi kati ya midomo, ulimi na midomo inahisi mkwaruzo ambao kidole hakihisi, ukiuhisi kata hapo na utupe kile kipande nyumbani kwenye taka, kisiachwe baharini. Ndoana zilizokufa nazitia kwenye chupa yenye kifuniko iko mlangoni, imejaa nusu sasa, sizitupi ufuoni, pale watoto wanacheza mpira miguu mitupu.